Kuzima Taa si Kutengeneza Gari

1.

Mama zangu, na nyie baba vijana mnaosoma kimyakimya bila kukomenti, nawaona. Leo hatuzungumzii chanjo wala uji wa lishe. Tunazungumzia gari.

Najua kuna atakayesema, nesi na gari wapi na wapi? Subiri kidogo. Wanaokaa kwenye siti ya nyuma ni watoto wale wale tunaowapima uzito kliniki. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndiyo sababu ya kwanza ya vifo kwa watu wa umri wa miaka 5 hadi 29. Ya kwanza. Mwaka 2021 peke yake barabara za dunia ziliua takriban watu milioni 1.19. Kwa hiyo kwangu mimi gari ni suala la afya ya mtoto, sawa na chandarua.

Familia nyingi changa hapa kwetu gari la kwanza ni la mtumba kutoka Japani. IST, Vitz, Passo, Raum, Noah ya familia kubwa. Siyasemi vibaya hata kidogo. Aliyewahi kutoka hospitali na kichanga cha siku mbili, mshono bado mbichi, akagombania daladala, ndiye anajua raha ya kuwa na usafiri wako. Shida yangu iko kwenye ushauri tunaopeana tukishalipata hilo gari.

2.

Mtaani kila mwenye gari ni fundi. Ukisema tu gari inagonga, wanakuja washauri sita. Na wengi wana nia njema kabisa. Lakini ebu sikiliza vizuri wanachokushauri. Taa inawaka? Kuna jamaa anaizima. Gari inachemsha? Toa thamostati, tembelea maji. Tairi bei juu? Kuna za mtumba zina meno kibao. Siti zinachafuka? Vika kava.

Ushauri wote huo unajibu swali moja: nifanyeje gari liendelee kutembea kwa hela kidogo? Ni swali halali, hela ni ngumu. Ila swali la pili haliulizwi: tukigonga, au tairi ikipasuka, waliomo ndani wanabaki na nini?

Nitumie lugha ya wodini. Mtoto ana homa kali, mama anampa panadol, homa inashuka, mtoto anacheza, mama anafurahi. Malaria bado iko kwenye damu. Siku ya tatu analetwa amelegea, macho meupe. Panadol haikukosea, kazi yake ni kushusha homa. Aliyekosea ni aliyedhani homa ndiyo ugonjwa. Taa ya dashibodi ni homa, na sisi tunaigawa panadol mtaa mzima.

3.

Tuanze na taa ya eabegi. Ile nyekundu yenye mtu amekaa na duara mbele yake. Ushauri maarufu: "Achana nayo, gari inatembea tu." Au: "Fundi wa umeme anaitoa kwa dakika kumi."

Kuna magari ambayo yaligonga huko nyuma, eabegi zikafunguka, zikakunjwa na kufunikwa bila kuwekwa mpya, kisha taa ikazimwa ili mnunuzi asijue. Unaweza kukagua mwenyewe bure. Washa swichi bila kuwasha injini. Taa ya eabegi inatakiwa iwake sekunde chache kisha izime yenyewe. Ikiwaka isizime, mfumo una hitilafu. Ikikataa kuwaka kabisa, jiulize nani aliitoa na kwa nini. Hapo ndipo pa kuwa na wasiwasi zaidi, maana kwa macho gari linaonekana zima.

Na kuna jambo la pili ambalo wenye magari ya Kijapani tunapaswa kulijua. Kampuni ya Takata ya Japani ilitengeneza eabegi zilizofungwa kwenye magari ya watengenezaji wengi, Toyota, Honda na Nissan wakiwemo. Baadaye ikagundulika kwamba kemikali ya kuzijaza upepo huharibika ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevunyevu. Eabegi ya namna hiyo ikifunguka inaweza kulipuka kupita kiasi na kurusha vipande vya chuma usoni na shingoni kwa mtu. Magari makumi ya mamilioni yaliitwa yarudishwe kubadilishiwa, na Takata ikafilisika mwaka 2017.

Joto na unyevunyevu. Sasa fikiria gari lililokaa Dar es Salaam, Tanga au Zanzibar miaka kumi. Chukua namba ya chesisi iliyo kwenye kadi ya gari, uikague kwenye tovuti ya mtengenezaji au kwa wakala wake. Ukikuta gari lako limo, usikubali mtu akuambie "mbona mpaka leo haijalipuka". Eabegi hailipuki mpaka siku ya ajali.

4.

Mikanda. Hapa nawaomba mnisamehe, nitakuwa mkali.

Mnanunua gari, kesho yake mnavika kava za siti. Nzuri, zina maua, zinang'aa. Fundi wa kava anazivuta vizuri na vifungio vya mikanda ya nyuma vinazikwa chini. Miaka mitatu gari linabeba watoto na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuona mkanda wa nyuma. Trafiki akisimamisha anaangalia wa mbele, na nyie mnafunga wa mbele. Wa nyuma tumekubaliana kimyakimya kwamba ni pambo.

"Mimi nampakata mwanangu, siwezi kumwachia." Mama yangu, upendo unao, sina shaka. Tupige hesabu. Gari la mwendo wa kilomita 50 kwa saa likigonga na kusimama ndani ya kama nusu mita, kila kilichomo kinasukumwa mbele kwa nguvu ya karibu mara 20 ya uzito wake. Mtoto wako wa kilo 10 mikononi anageuka kama kilo 200. Ni mifuko minne ya saruji, na inakujia kwa mshtuko wa chini ya sekunde moja. Hakuna mama wa kuishika. Na kama umekaa mbele na eabegi ikafunguka, inakuja kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 200 kwa saa, na kilichoko kati yako na hiyo eabegi ni kichwa cha mtoto.

Kumfunga naye ndani ya mkanda wako ni vibaya zaidi, kwa sababu mwili wako ndio utakaombana. Mkanda mmoja, mtu mmoja.

Kiti cha mtoto ndilo jibu. Shirika la Afya Duniani linasema vifaa hivi vinaweza kupunguza vifo vya watoto kwenye gari kwa asilimia 60 hivi. Kichanga kinakaa siti ya nyuma, kiti kikitazama nyuma, na akae hivyo mpaka afikishe uzito au urefu ulioandikwa kwenye kiti. Msiwe na haraka ya kumgeuza. Kiti kinachotazama nyuma kisifungwe kamwe mbele ya eabegi inayofanya kazi. Akikua anahamia kinachotazama mbele, halafu cha kunyanyua, mpaka afikishe kama sentimita 135 hadi 150, mkanda wa mtu mzima umkae begani badala ya shingoni. Ukinunua cha mtumba, uliza kama kimewahi kupata ajali, na tafuta lebo yenye mwaka. Kisicho na historia kiache.

Kama leo hela ya kiti haipo, basi: wote nyuma, vifungio vifukuliwe, kila mtoto anayeweza kukaa mwenyewe afungwe mkanda wake. Sikudanganyi kwamba huo ni usalama kamili. Ni kupunguza madhara wakati unadunduliza.

Na wewe mjamzito, mkanda unafunga. Ule wa chini unapita chini ya tumbo, juu ya mifupa ya nyonga. Ule wa juu unapita katikati ya matiti kisha pembeni ya tumbo. Usipite katikati ya tumbo, na usiwekwe nyuma ya mgongo.

5.

Tairi. Watu wanatazama meno tu. Meno ni muhimu, yakishuka chini ya milimita 1.6 tairi imekwisha, na mvua ikinyesha hiyo ni kuteleza. Lakini mpira unazeeka hata kama meno yapo. Tairi iliyokaa stoo miaka tisa inaweza kuwa na meno kama ya jana, na ndani imekauka.

Umri umeandikwa. Ubavuni tafuta herufi DOT, fuata mpaka tarakimu nne za mwisho. Ukikuta 2314, maana yake ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014. Ukikuta tatu tu, hiyo ni ya kabla ya mwaka 2000, kimbia. Kuanzia miaka mitano tairi inahitaji kukaguliwa na anayejua, na ikifika kumi iondolewe hata kama inang'aa. Kuna maduka wanapaka dawa nyeusi inang'aa kama kiatu cha harusi. Wewe soma namba.

Kisha upepo. Kwenye nguzo ya mlango wa dereva kuna karatasi. Ni ya Kijapani, ndiyo, ila namba hazina Kijapani. Ukiona 220 hiyo ni kPa, ambayo kwa kijana wa upepo ni kama 32. Ipimwe asubuhi tairi zikiwa za baridi. Safari ya Desemba ya kwenda kuhesabiwa kijijini, watu saba na mchele gunia juu, tairi ya upepo mdogo inachemka ubavuni mpaka inapasuka. Mtasema ni shetani wa barabarani. Angalieni upepo kwanza.

6.

Gari linalochemsha. Ushauri wa barabarani ni uleule: simama, fungua rejeta, mwaga maji. Maji ya kwenye rejeta yanakaa chini ya mgandamizo na yamepita nyuzi joto 100. Ukifungua kifuniko yanaruka juu yote kwa mara moja, yanatua usoni, kifuani na mikononi. Nawaomba mniamini, kidonda cha hivyo kinauguzwa wiki nyingi, na kovu linabaki.

Zima injini, watoto washuke wakae mbali na barabara, subiri angalau nusu saa, hadi uweze kugusa bomba la juu la rejeta bila kurudisha mkono. Mtu akiungua, maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, yai, mafuta na barafu hapana. Mkimaliza, hospitali.

Halafu chupa. Hili linaniumiza kuliko yote, kwa sababu ni la kijinga na linazuilika bure. Kulanti inayobaki inawekwa kwenye chupa ya maji ya kunywa. Petroli ya jenereta, chupa ya soda. Asidi ya betri, chupa ya juisi, inawekwa chini ya ngazi. Kulanti nyingi zina rangi nzuri na utamu, na ndani kuna sumu inayoharibu figo. Mtoto wa miaka miwili hasomi lebo. Anaona juisi.

Akinywa petroli, mafuta ya taa au asidi: msimtapishe. Usimpe maziwa wala mafuta ya kula. Petroli ikipanda inaingia kwenye mapafu, asidi inaunguza koo mara ya pili. Mpelekeni hospitali mara moja na mje na chupa yenyewe, tujue tunapambana na nini. Na baba anayenyonya petroli kwa mpira kutoka kwenye tangi, ni mapafu yale yale. Pampu ya mkono ipo, haina gharama kubwa.

7.

Moshi. "Gari langu likiwa kwenye foleni lina harufu kidogo, ila AC inapiga fresh." Harufu ya moshi ndani ya gari si ya kuzoeleka. Bomba la moshi likitoboka au gasketi ikivuja, hewa ya kaboni monoksaidi inaingia ndani, na hewa yenyewe haina rangi wala harufu; unachonusa ni wenzake tu. Vilevile kutembea na mlango wa buti wazi kwa sababu umebeba godoro kunavuta moshi kuja kwa waliokaa nyuma.

Dalili ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu, usingizi usio wa kawaida. Mtoto anatapika kila safari, mnasema "huyu gari haimpendi". Labda ni kweli, wapo watoto wa hivyo. Lakini kama na wewe kichwa kinauma, na wote mnapata nafuu mkishuka, peleka gari likakaguliwe ekzosi kabla hujampeleka mtoto kwa daktari wa tumbo. Mjamzito ajihadhari zaidi, maana aliye tumboni anaathirika kuliko mama. Na msilale kwenye gari lililosimama, vioo juu, injini ikiwaka kwa ajili ya AC.

8.

Sasa hela, maana nasikia mnaguna.

Ni kweli mishahara yetu tunaijua. Lakini nyumba nyingi hela ya gari ipo, ila imekwenda kwingine. Rimu mpya. Spika za buti. Tinti. Taa za rangi chini ya dashibodi. Skrini kubwa ya kuangalia video. Halafu pedi za breki zinaliwa hadi chuma kinagusa chuma, tunasema mwezi ujao. Sikatazi urembo, kila mtu na starehe yake. Nasema foleni iheshimiwe: breki, tairi, mikanda, kiti cha mtoto, ndipo muziki uingie.

Na msimtupie fundi lawama zote. Fundi anafanya alichotumwa. Ukimwambia "nizimie hii taa", atazima taa. Ukimwambia "nitafutie kwa nini inawaka", atatafuta, na kama hawezi atakuelekeza kwa mwenye mashine ya kupimia. Maneno tunayoyatumia gereji ndiyo yanayoamua tunarudi nyumbani na kitu gani.

La mwisho ni kwenu mama zangu. Kuna dhana kwamba mambo ya gari ni ya baba, mama anapanda tu. Kliniki hawakukuambia chanjo ni mambo ya nesi, wewe ubebe mtoto tu. Uliuliza, ulisoma kadi, ulijua tarehe. Gari nalo lina kadi yake. Huhitaji kujua kufungua injini ili uulize maswali matatu: tairi zetu ni za mwaka gani? Breki zilikaguliwa lini? Mkanda wa mtoto uko wapi? Muulize mwenzio kwa upole, si mbele ya rafiki zake, na kama wewe ndiye dereva na mwenye gari, jiulize mwenyewe.

Baba vijana, mkiulizwa msione mnadharauliwa. Mkeo akikuuliza tairi ni za mwaka gani, anachouliza ni kama mtafika wote.

Kesho asubuhi kabla ya kutoka, tenga dakika kumi. Washa swichi uangalie taa ya eabegi. Chuchumaa usome tarakimu nne kwenye tairi zote, na ya akiba usiisahau. Inua kava, vuta kila mkanda wa nyuma, ufunge usikie "tak". Pita stoo uondoe chupa zote zisizo na lebo. Haya yote ni bure.

Ukimaliza, njoo hapa chini uniandikie umekuta tairi ya mwaka gani. Na usione aibu ikiwa ni kuukuu kuliko mtoto wako wa kwanza.